Daftari na Tanuri Baridi

Jumatatu, 3 Machi

Leo Nyapara ametangaza mkuu mpya wa tanuri. Si mimi. Ni Masharubu.

Masharubu! Mtu aliyefika hapa kiwandani mwaka mzima baada yangu. Mtu anayekoroma mpaka mabati ya bweni yanaitikia. Miaka mitatu nakanyaga udongo wa matofali shimoni, magoti yamelegea kama bawaba za mlango wa choo, halafu cheo anapewa yeye. Nilimuuliza Nyapara, kwa heshima zote, ametumia kipimo gani. Akasema Masharubu anaujua moto. Nikasema hata mimi naujua. Akaniuliza, kama naujua, mbona kila zamu yangu ya kuinjika chai watu wanakunywa majani yanayoelea kwenye maji baridi. Kicheko! Nikacheka nao, wasije wakadhani nina kinyongo.

Nina kinyongo.

Ubaya ni kwamba mke wangu nilishamwandikia. Desemba. Nilimwambia nimepandishwa, sasa mimi ndiye mkuu wa tanuri, watu sita wako chini yangu. Niliandika mapema kidogo kwa kuwa nilikuwa na uhakika. Naye kasambaza habari ukoo mzima. Kaka yake, yule shemeji aliyesema mbele za watu kwamba sitafika popote, aliniandikia barua ya pongezi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo cheo ni changu, kimechelewa tu njiani. Kilichobaki ni kumwondoa Masharubu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Rahisi, safi, haumuumizi mtu.

Leo wameziba tanuri baada ya moto wa siku tano, na Masharubu hakupata usingizi wa maana siku zote hizo. Nikachukua magunia matatu matupu, nikayatandika nyuma ya rundo la kuni, mahali penye kivuli na upepo. Nikaweka na tofali la kulalia kichwa, nimelizungushia kitambaa. Mtu aliyechoka akipaona pale hawezi kupita. Atalala. Hapo mimi namwita Nyapara aje amwone mkuu wake wa tanuri.

Kabla ya kumtafuta Masharubu nikajilaza kidogo, kuhakikisha panafaa.

Panafaa sana. Nyapara alinikuta saa tisa. Aliwaita na wengine waje kuona. Masharubu mwenyewe ndiye aliyeniamsha, taratibu, kwa kunishika bega, akasema kaka amka, jua limeshahamia usoni kwako. Upole wake ndio unaoniuma. Angenipiga teke ningemsamehe.

Adhabu: kuchota maji ya shimo peke yangu mpaka Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Nimechota maji. Huku nachota, huku nafikiri. Ndoo ya arobaini ndiyo iliyoleta jibu.

Tanuri likishachomwa, midomo yake yote huzibwa kwa udongo na kwa siku saba haliguswi, lipoe lenyewe polepole. Ukilitoboa kabla ya hapo, upepo unaingia na matofali yanapasuka. Kazi ya wiki tatu inageuka kokoto. Na nani anabeba lawama? Mkuu wa tanuri.

Tuna matanuri mawili. Moja ndilo hili la Masharubu lililozibwa jana, ndani bado jehanamu. Jingine lilishapoa zamani, linasubiri kupakuliwa. Kwa nje yanafanana kama mapacha: yote yamezibwa, hakuna linalotoa moshi. Mwingine angechanganyikiwa. Si mimi. Mimi udongo naujua. Udongo wa kuziba tanuri la Masharubu ni wa jana, utakuwa bado mbichi. Wa lile la zamani utakuwa umekauka na kupasuka. Naangalia udongo, nachagua tanuri. Akili hiyo!

Kesho saa saba mchana, wote wakiwa kivulini wanakula, nitachukua mtarimbo na kulitoboa tanuri la Masharubu kwa nyuma. Naandika hapa ili siku nikiwa mkuu nikumbuke nilianzia wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya!

Tanuri lenye udongo mbichi, mweusi, unaong'aa, nililitambua nikiwa mbali. Nimelipiga mtarimbo mara tatu. Tundu zuri, linaingia kichwa cha mtu. Nikatia mkono ndani mpaka kwapani kuhakikisha. Sikuungua hata unywele mmoja! Nilijishangaa mwenyewe. Kumbe nina ngozi ngumu kiasi hiki. Hawa watu wa moto wanajisifia bure.

Mlinzi alinikuta nikirudi na mtarimbo begani. Akauliza natafuta nini huku nyuma. Nikamwambia natafuta kivuli. Akasema kivuli kiko kule walikokaa wenzio, tena hakichimbwi kwa chuma. Akaenda zake. Hakushuku kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Asubuhi kwenye chai Masharubu alisimulia kwamba kuna mtu kalitoboa tanuri baridi. Alisema labda ni panya, ila panya wa siku hizi wanatembea na mtarimbo. Watu hoi kwa kucheka. Nikajitia hamnazo, nikauliza mbona lile tanuri baridi lina udongo mbichi. Akanieleza kama mwalimu wa chekechea. Tanuri lenye moto hukausha udongo wake kwa nusu siku, ikifika jioni umeshakuwa mweupe na nyufa. Lile baridi yeye mwenyewe alilisiriba upya juzi kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza kulila. Akasema hata paka wa jikoni anajua, ndiyo maana hulala kwenye udongo mweupe.

Hata paka!

Kwa hiyo nimetoboa tanuri baridi. Hakuna tofali hata moja lililodhurika. Anayejiita mkuu wa tanuri kwa mkewe hajui tanuri la moto likoje. Mimi ni mkanyaga udongo, basi, wala sijawahi kuwa na mtu hata mmoja chini yangu, labda chura wa shimoni. Mke wangu akilijua hili sitaweza kumtazama usoni. Naliandika humu kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Daftari jipya. Lile la zamani liko polisi. Mimi niko rumande.

Nieleze kwa mpangilio. Jumamosi asubuhi lori la mteja lilikuja, na mteja hakutaka kusikia habari ya siku saba. Mwenye kiwanda akampigia Nyapara simu. Nyapara akalifungua tanuri la moto, siku ya nne! Masharubu alimsihi. Alimshika mpaka mkono. Nyapara akamwambia akae pembeni na masharubu yake. Wakavunja mdomo, upepo ukaingia, na sisi wa shimoni tukasikia matofali yakilia ndani, pa, pa, pa. Tanuri zima limekwenda.

Mwenye kiwanda alipofika, Nyapara alikuwa ameshatoboa na tundu kwa nyuma. Akasema amelikuta, ni hujuma ya mtu. Mlinzi naye, domokaya yule, akakumbuka kwamba Alhamisi aliniona na mtarimbo. Wakaingia bwenini, wakainua godoro langu. Daftari hilo! Nyapara alisoma Jumatano, akasoma Alhamisi, akalifunga. Hakufika Ijumaa. Au alifika akaona haimfai.

Kituoni askari walisomeana kwa sauti. Yale magunia ya nyuma ya kuni waliyarudia mara mbili. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, akaniletea chai, halafu akaniandikia shitaka la kuharibu mali kwa makusudi.

Jumatano, 12 Machi

Humu ndani kuna mzee mmoja tunamwita Profesa. Alikuwa anachonga mihuri ya ofisi mbalimbali bila ofisi hizo kujua. Amekaa rumande muda mrefu kuliko kitasa cha mlango, na sheria anazitaja kwa namba. Hili daftari kanipa yeye.

Nilimsimulia yote. Alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akauliza nani mwingine aliliona tundu kwenye tanuri baridi. Nikamwambia Masharubu, yeye ndiye aliyelikuta na kuliziba. Akaniambia, haya, mdogo wangu, huyo ndiye shahidi wako, mwite. Nikatuma maulizo kiwandani. Jibu limekuja leo: Masharubu kafukuzwa Jumamosi ileile, kachukua mkoba wake na kuondoka, hakuna ajuaye kwao ni wapi.

Yaani mpango wangu umefaulu. Masharubu katoka! Na cheo kapewa binamu yake Nyapara.

Profesa akasema basi limebaki daftari. Mwendesha mashtaka atasoma kurasa mbili, Jumatano na Alhamisi. Wewe simama, omba na Ijumaa isomwe. Mtu anayeamini ameshinda, kesho yake anagundua ametoboa tanuri baridi na kuandika kwa machozi: hakuna hakimu atakayesema hayo yametungwa. Utatoka siku hiyohiyo.

Nikamwambia haiwezekani. Askari wa zamu kanijulisha kwamba mke wangu kapiga simu. Anakuja. Siku mbili kwenye basi, kesi itamkuta ameketi mle ndani. Ijumaa ikisomwa, anasikia kwa masikio yake, mbele ya watu, kwamba mumewe ni mkanyaga udongo aliyezidiwa maarifa na paka.

Profesa akafumbua macho. Akaniuliza, kijana, unachagua jela au unachagua aibu? Nikamwambia kuna njia ya tatu. Daftari lisisomwe kabisa. Hata neno. Kama hakuna daftari, wamebaki na mlinzi aliyeniona nabeba chuma. Kubeba chuma si kosa, kiwandani kila mtu anabeba chuma.

Akafikiri. Akasema inawezekana, ila ni kama kukata mkono ili kutoa mwiba. Nikamwomba aache mifano anifundishe maneno ya kusema.

Jumatatu, 17 Machi

NIMESHINDA! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mpango wangu umekwenda kama nilivyoupanga.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyodhani, feni moja, benchi nne, dirisha limezibwa kwa kadibodi. Hakimu ni mama wa makamo, miwani ameifunga kwa kamba shingoni. Mke wangu benchi ya tatu, amevaa gauni lake la kwenda kwa watu, mkoba magotini. Nilipoingia aliinuka nusu, kama mtu anayetaka kumpisha mgeni, kisha akaketi tena. Amekonda.

Mwendesha mashtaka, kijana wa viatu vinavyolia, akainua daftari langu juu kwa vidole viwili. Alisema mshitakiwa ameungama kwa mwandiko wake, hakuna aliyempiga, hakuna aliyemshika mkono, na kama mtu hataki kusikika basi asiseme.

Hakimu akaniuliza kama nina la kusema. Nikasimama. Maneno ya Profesa yote yakayeyuka, namba za sheria zikaruka kama kuku. Nikasema yangu.

Nilisema, mheshimiwa, mle ndani sijaungama kwa mtu, nimejisemea. Mle ndani Nyapara nimeshamzika mara nne, mara moja na jeneza sikumpa, na yule pale ameketi anatafuna njiti. Kama daftari ni ushahidi, basi nishitakiwe na kwa mauaji. Watu wakacheka. Nyapara akaacha kutafuna.

Hakimu hakucheka. Aliuliza, kama sikutaka lijulikane, kwa nini niliandika? Mawazo si yangekaa tu kichwani?

Nikamwambia bwenini tuko kumi na wanane. Vitanda vimepandana. Ukiongea peke yako unaambiwa una wazimu, ukimwambia mwenzio kesho liko jikoni. Kwetu nilikuwa naongea na mke wangu tukishazima taa. Hapa naongea na daftari. Je, mheshimiwa, mke angeruhusiwa kuletwa hapa aseme mumewe alinong'ona nini kitandani?

Sikuthubutu kutazama benchi ya tatu.

Mwendesha mashtaka akaruka juu, akasema godoro ni mali ya kiwanda, na kilicho chini yake ni cha kiwanda. Hakimu akamtazama juu ya miwani. Akasema godoro ni la kiwanda, lakini usingizi ni wa mtu. Kisha akamuuliza Nyapara nani alimpa ruhusa ya kuinua godoro na kusoma. Nyapara akasema yeye ndiye nyapara. Hakimu akasema hilo si jibu, hicho ni cheo. Ah, mama huyu!

Halafu akanigeukia. Aliuliza, taratibu sana, kama nataka zifungwe zile kurasa mbili tu au daftari zima. Nikasema zima, mheshimiwa. Akasema nisikilize vizuri: nikifunga kwa ajili yako nimefunga na kwako. Huwezi kurudi kesho ukasema kuna ukurasa unakusaidia. Kuna ukurasa unaokusaidia humu?

Nikaona Profesa kama amesimama mbele yangu anatikisa kichwa. Nikaona na ule mkoba magotini.

Nikasema hakuna, mheshimiwa. Funga lote.

Akaandika. Akasoma uamuzi kwamba maandishi ya siri ya mtu, yaliyochukuliwa bila ridhaa wala amri, hayatasomwa katika kesi hii na upande wowote. Karani akalitia bahasha, akapiga muhuri. Mwendesha mashtaka kanywea kama puto.

Nikageuka kumtazama mke wangu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma herufi ndogo.

Jumanne, 18 Machi

Miezi minane.

Mlinzi aliapa kwamba aliniona nyuma ya matanuri na mtarimbo na kwamba nilimdanganya habari ya kivuli. Nyapara aliapa kwamba alilikuta tundu nyuma ya tanuri la moto. Hilo lori, wala hakulitaja. Wa shimoni wenzangu wanne walikuwa benchi ya nyuma, wote walilisikia tofali likilia baada ya mdomo kufunguliwa, na wote walikuwa wanachunguza kucha zao. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu.

Zamu yangu ikafika. Nikasema sikulitoboa tanuri la moto. Hakimu akauliza basi mtarimbo ulikuwa wa nini. Na hapo, kwa hofu, ukweli ukanitoka: nilitoboa jingine, lile baridi! Mahakama nzima ikaangua kicheko. Mwendesha mashtaka akauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu atoboe tanuri baridi. Nikakosa jibu ambalo mke wangu angeweza kulisikia. Akauliza nani aliliona hilo tundu. Nikasema Masharubu. Yuko wapi? Sijui. Kuna chochote cha kuonyesha kwamba nasema kweli?

Nikasema, kipo, mheshimiwa. Kimo kwenye daftari.

Hakimu alivua miwani. Aliuliza, daftari lipi? Lile ulilonisihi jana nilifunge?

Nikasema ndilo hilo. Nikaomba lifunguliwe. Akasema alishaniuliza, tena mbele ya watu, na nikajibu hakuna. Akasema yeye si kizibo cha chupa, afunge leo afungue kesho. Lakini sauti yake haikuwa ya hasira. Nilimwona anaitazama ile bahasha kama chakula cha mgonjwa kilichokatazwa.

Kisha akahukumu kwa kile alichokisikia.

Profesa alinipokea mlangoni. Baadaye akasema tu kwamba katika miaka yake yote humu ndani ameona watu wakifungwa kwa ushahidi na wakifungwa bila ushahidi. Aliyeufungia ushahidi wake mwenyewe kwenye bahasha hajawahi kumwona.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wangu alikuja kuniaga. Kuna wavu kati yetu, na askari anachokonoa meno.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba mkuu wa tanuri ana maadui wengi. Sikufika hata kwenye nukta. Akaniambia, baba watoto, nyamaza kidogo. Akatoa barua zangu mkobani, zote, zimefungwa kwa uzi. Akaniambia nitazame pembeni mwa karatasi. Kila moja ina dole la udongo. Jekundu, miaka mitatu, halikosi. Alisema mjomba wake alichoma matofali maisha yake yote, na barua zake zilikuwa na masizi. Masizi, hakuna udongo. Alijua tangu ile barua ya Desemba.

Nikamuuliza kwa nini basi aliwatangazia ukoo. Akasema, ulitaka nimwambie kaka yangu nini? Kwamba mume wangu muongo? Bora niseme mume wangu mkubwa.

Nikamwambia nimefungwa miezi minane ili asilisikie jambo analolijua.

Akasema ndiyo, nimeona. Nilikaa pale benchi ya tatu nikakuona unajifungia. Nilitaka kusimama nipige kelele. Halafu ukasema lile la kunong'ona kitandani, nikaukumbatia mkoba nikabaki nimeketi.

Kisha akapiga kidole kwenye wavu, akaniambia kwa ile sauti ya kuamrisha watoto waoge: kata rufaa. Walifungue hilo daftari, wasome yote, na mimi waniite mjinga kama umeniandika mjinga. Aibu nimeshaila, imeshuka, iko tumboni. Wewe rudi nyumbani.

Askari akasema muda umekwisha. Alipoinuka niliona kiatu chake kimoja kimefungwa kwa waya. Hakugeuka nyuma. Nilijua hatageuka, hulia akigeuka.

Jumatatu, 31 Machi

Amekuja mama mmoja wa msaada wa sheria. Mkoba mkubwa, sauti ndogo. Mke wangu alikwenda ofisini kwao kabla ya kupanda basi, akakaa mlangoni mpaka wakamsikiliza.

Anasema uamuzi wa hakimu ulikuwa mzuri na wa haki. Kwamba mtu asisomewe moyo wake bila ruhusa ni jambo kubwa. Lakini moyo ni wangu, na ruhusa ni yangu. Nikikubali mwenyewe lifunguliwe lote, anaamini jaji wa rufaa atalipokea. Daftari karani kamkabidhi yeye, kwa kuwa ni mali yangu. Amesoma Ijumaa ya tarehe saba, ilibidi atoke nje kidogo. Anasema katika kazi yake hajawahi kuona maandishi ya kweli kama yale. Uzuri wake ni kwamba mtu amejidharau pasipo kuombwa.

Nimetia saini. Ameniachia daftari mpaka Ijumaa nilipitie, nikumbuke tarehe. Alirudia mara tatu: usiguse kitu. Hata nukta. Hata doa la chai libaki doa la chai. Nguvu yake yote ni kwamba liko kama lilivyokuwa. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza umeelewa nini. Nikamwambia, nukta.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika tena kwenye daftari langu la zamani. Raha ilioje! Karatasi nzuri, mistari imenyooka. Lile la Profesa nimemrudishia, anachonga kitu.

Nimelisoma lote, mwanzo mpaka mwisho. Si baya. Ila lina kasoro ndogondogo ambazo jaji, akizikuta, anaweza kuniona mtu wa ovyo. Mama wa sheria ana moyo mzuri lakini hajui namna wakubwa wanavyosoma. Nimerekebisha kidogo tu.

Jumatano, palipoandikwa nitalitoboa tanuri la Masharubu, nimeongeza kwa pembeni: natania. Alhamisi, mkono kwapani, nimeandika: nikaungua vibaya, kwa kuwa ngozi ngumu haiaminiki. Na Ijumaa nimeifuta yote kwa wembe, taratibu, karatasi haikutoboka sana. Badala yake nimeandika kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa lile tanuri ni baridi, na nililitoboa kwa ukaguzi, kama mkuu yeyote wa tanuri afanyavyo. Paka nimemwondoa. Chura pia. Mwandiko nimeuiga vizuri, maana ni wangu. Tofauti ni kalamu tu: ile ya zamani ilikuwa ya bluu, hii ni ya kijani.

Sasa ndiyo daftari la mtu mwenye heshima. Jaji akilisoma, mke wangu akiwa pale benchi ya tatu, na shemeji naye akitaka aje, hakuna atakayeinamisha uso.

Kesho asubuhi mama wa sheria anakuja kulichukua. Ukurasa huu wa leo haumo kwenye kesi, ni mambo yangu binafsi. Nimeukunja kona na kuandika juu kwa herufi kubwa: WA SIRI. Jaji ni mtu mwenye elimu. Ataelewa.